Safari ya Watu Wawili

Bagamoyo, 4 Februari 1951

Kwa shangazi yangu Bi Mwaija binti Bwanausi, Saadani.

Shikamoo shangazi. Naomba karatasi hii ikukute na afya, na yale macho yako yawe yamepunguza kutoa maji. Sisi huku hatujambo. Mrisho amehitimu juzuu ya Amma na sasa anajiona shehe, anawasahihisha wenzake hata wakipiga chafya. Wa pili ana mafua. Mwantumu ameacha ziwa, hataki tena kubebwa, anataka kubeba yeye. Mama mkwe wangu, Bi Ashatu, yu mzima: miguu humuuma asubuhi, ikapona jioni pakiwa na harusi. Mashemeji wawili bado wako chumba cha uani na hawana dalili ya kuhama. Mwenyewe unaijua nyumba ya marehemu baba. Alinijengea mimi, lakini mwenye kulala kwa nafasi humo ni paka.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Alhamisi iliyopita Bwana Mikidadi alirudi kutoka Kerege, kwenye kazi yake ya unyapara wa barabara, akaoga, akala, kisha akasema, "Baada ya Idd twende Unguja."

Nikamwuliza, "Nani na nani?"

"Mimi na wewe. Watoto tuwaache kwa shangazi yako."

Nikauliza kama kuna msiba. Hakuna. Harusi? Hakuna. Mgonjwa? Hakuna. Anasema kutembea tu, kupunga upepo, kama injinia wake Mzungu alivyokwenda na mkewe wakawaacha watoto kwa yaya. Nikamwambia kwamba Mzungu akitoka na mkewe watu husema wamekwenda kupumzika. Mswahili akitoka na mkewe bila watoto, watu husema anamrudisha kwao. Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Shangazi, nimefurahi na nimeogopa. Tangu fungate yetu, wewe ukiwa somo, kungwi wangu, umekaa mlangoni kwangu na chetezo cha udi, mimi na mume wangu hatujawahi kukaa peke yetu hata kwa muda wa kunywa chai. Na tangu mwezi uliopita amekuwa mpole sana. Ananishukuru nikimpa maji. Mume wa miaka kumi na moja hashukuru maji.

Nijibu kama utawachukua watoto. Bi Ashatu anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Mimi mwanao,
Mwanamvua binti Pazi


Saadani, 20 Machi 1951

Kwa mwanangu Mwanamvua, Bagamoyo.

Marahaba mwanangu, marahaba na wajukuu wangu wote watatu. Mimi niko, nakula, nalala. Macho ni yale yale, ndiyo maana barua hii naisema mimi na anaiandika Bi Jyotsna, mke wa mwenye duka, ambaye hati yake ni nzuri na anakusalimu pia. Kuku wangu wanane wamepatwa na kideri. Jirani yangu ameolewa tena na mume wake yule yule wa kwanza, na mji mzima umekula pilau mara ya pili kwa makosa yale yale.

Barua yako ilichelewa kunifikia, na yangu itachelewa kukufikia, kwa sababu Mto Wami umejaa na hapavukiki.

Kuhusu Unguja, nimesikia. Safari ni njema. Lakini nakukumbusha kwamba mke na mume kujifungia mahali siku kadhaa bila watoto ni fungate, hata ukiipa jina lingine. Na fungate bila somo haijapata kuonekana. Nani atakusinga mwili kwa manukato? Nani atakupikia? Nani atamwambia mumeo mambo ambayo mke hawezi kumwambia mume kwa mdomo wake? Kwa hiyo mimi nitakuja. Sitawasumbua. Nitakaa mlangoni kama zamani.

Watoto nao tutawaona watakavyokuwa. Pengine tuwachukue tu, bahari haili watu wadogo zaidi ya wakubwa.

Usiwe na haraka ya safari. Haraka haina baraka, na Idd bado iko mbali.

Shangazi yako,
Mwaija


Bagamoyo, 8 Aprili 1951

Shangazi, shikamoo.

Pole kwa kuku. Huku mvua imeanza na paa la jikoni linavuja palepale lilipozibwa. Mafua ya mtoto wa pili yamehamia kwa wote, hata kwa Bi Ashatu, ambaye anasema ni husuda.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Wami umejaa, ni kweli, lakini wachuuzi wa samaki kutoka kwenu wamefika sokoni hapa mara tatu katika muda huo, na samaki wao walikuwa wakavu. Sisemi kitu. Nasema nimewaona.

Umeniambia utakuja na utakaa mlangoni. Nakupenda shangazi, unajua. Ila mimi si mwari tena, na jambo ninalolitaka Unguja si kusingwa. Ningependa mlango huo usiwe na mtu.

Na habari zimekwisha kutoka nje. Shemeji mmoja alisikia ukutani akampelekea mama yake. Bi Ashatu alinijia jikoni, akakaa juu ya kinu, akasema, "Nasikia mnakwenda Unguja wawili kama watoro." Nikamwambia ni matembezi. Akasema dada yake amezikwa huko na yeye hajawahi kumwombea dua kaburini, basi Mungu amemfungulia njia, naye atakwenda. Na mashemeji watakwenda ili wambebe mama yao, maana miguu yake siku hizo itakuwa inauma. Kisimani wanawake wamegawanyika: nusu wanasema narudishwa kwetu, nusu wanasema napelekwa Pemba kwa mganga. Hakuna hata mmoja aliyesema tunakwenda kutembea.

Sasa nakuuliza neno moja, nalo unijibu hilo hata kama mengine utayaacha. Mwezi wa Januari Mikidadi alikuja Saadani. Aliniambia anakwenda kununua uduvi. Alilala kwako. Alirudi bila uduvi, na upole wake ulianza siku hiyo. Alikuja kufanya nini?

Mwanao,
Mwanamvua


Saadani, 27 Mei 1951

Mwanangu Mwanamvua,

Salamu nyingi kama mvua za mwaka huu. Mimi mzima. Mfungo unakaribia, nami nimekwisha kuweka tende na tambi. Bi Jyotsna, anayeniandikia, amepata ngozi ya uso mbaya kwa sababu ya joto la dukani, nimempa manjano na liwa, sasa amependeza mpaka mumewe amemwuliza anakwenda wapi. Akajibu, Unguja. Mama yake mzazi yuko kule na hajamwona tangu aolewe. Nimemwambia aje pamoja nasi, chombo kikubwa hakikatai abiria.

Bi Ashatu akienda kaburini kwa dada yake atapata thawabu, usimzuie.

Uliuliza habari za uduvi. Ulikuwa haujakauka.

Hapa kwetu nyati wameshuka mpaka mashambani na wamekula mihogo ya watu. Mzee mmoja aliwafukuza kwa debe, na wao wakamfukuza yeye.

Ramadhani njema, mwanangu. Usile daku zito.

Shangazi yako,
Mwaija


Bagamoyo, 17 Juni 1951

Shangazi, shikamoo na saumu njema.

Sisi wazima. Mrisho amefunga siku tatu kamili na nusu tatu. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Uduvi wa Saadani hukauka kwa siku mbili juani. Mimi nililelewa na wewe, nimeuanika kwa mikono yangu.

Nimehesabu wasafiri wa Unguja. Mimi na Mikidadi. Wewe. Bi Ashatu. Mashemeji wawili. Bi Jyotsna. Na tangu mwanzo ulisema pengine watoto nao waje. Hiyo siyo safari tena, hiyo ni kuhama mji. Nimekwisha kumwambia Mikidadi kwamba afadhali nibaki nyumbani, na yeye akanijibu, "Utakavyo." Zamani angebisha. Zamani angesema, "Utakwenda, na viatu utavaa!" Sasa ananiangalia kama mtu aliyevunja chombo cha watu na anatafuta pa kukiweka.

Nitakwambia wazi, maana kuzunguka kumenichosha. Nina swali moja la kumwuliza mume wangu: ananiacha, au ana jambo gani? Siwezi kumwuliza hapa. Nikinong'ona chumbani, Bi Ashatu anakohoa upande wa pili. Nikimsubiri barazani, mashemeji wanacheza bao. Akija Alhamisi anaondoka Jumamosi, na katikati yake kuna Ijumaa. Nilikubali Unguja si kwa ajili ya upepo, ni kwa ajili ya swali hilo, kwa sababu niliona huko hatutakuwa na sikio la mtu. Na wewe, badala ya kunisaidia, umenijazia jahazi.

Kama unajua jambo, niambie. Kama hutaki kuniambia, basi waondoe watu wako katika safari yangu. Nimeumia, shangazi, na naandika nikiwa nimeumia. Unisamehe kwa ajili ya mwezi huu.

Mwanamvua


Saadani, 9 Julai 1951

Mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Idd mubaraka. Unaona hati hii ni ya Kiarabu na inapanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Naandika mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa chuoni nikiwa mdogo, na macho yananitoka. Bi Jyotsna hajui kama naandika. Itakuwa fupi.

Mikidadi asikupeleke Unguja. Unguja utakuwa katika nyumba ya watu. Utaamka uvae kanga mpya, ucheke na wenyeji, ule kilichopikwa na wengine, na hata nauli ya kurudi itakuwa mfukoni mwake. Mwanamke akitaka kuzungumza na mumewe, na azungumze mahali ambapo ufunguo ni wake. Nyumba ile baba yako alikuandikia wewe mbele ya kadhi. Hilo umelisahau, kwa sababu umeijaza watu.

Basi nimepanga hivi. Nitafika kwenu kabla ya mwisho wa mwezi. Nitawachukua watoto wote watatu, Bi Ashatu, na wale vijana wawili wa chumba cha uani. Bi Jyotsna atakuja nami. Tutapanda basi mpaka Dar es Salaam, kisha stima. Tutakaa Unguja wiki nzima, tumwombee marehemu dua, watoto wale halua mpaka waumwe matumbo. Nyinyi wawili mtabaki. Mwambie Mikidadi aombe ruhusa kazini kama alivyotaka kuiomba kwa Unguja.

Mimi ndiye niliyejaza safari yenu watu, na nilijua ninachofanya. Sasa nawaondoa wote. Usiniulize zaidi, muulize mwenyewe.

Pika kidogo. Mtakuwa wawili.

Mwaija


Bagamoyo, 6 Agosti 1951

Shangazi, shikamoo.

Natumaini umefika Saadani salama na miguu imepoa. Watoto tangu mrudi hawana habari nyingine ila ya stima na ya mtu waliyemwona Unguja ana kasuku anayesoma Fatiha. Bi Ashatu amerudi na kanga sita na dua moja. Anakusifu kila anapoketi. Ulipokuja kuwachukua hatukupata nafasi ya kuzungumza, na ulipowarudisha ulikataa hata kushuka kwenye basi. Nilikuona ukitazama upande wa pili. Kwa hiyo nakuandikia.

Mlipoondoka nyumba ilinyamaza mpaka nikasikia kuku akitembea. Nilipika wali wa watu wanane kwa mazoea, tukala sisi wawili, uliobaki nikaugawa kwa majirani. Siku ile ya kwanza tulikaa kama wageni wawili waliokutana forodhani. Aliniuliza bei ya sukari. Nikamwambia. Akasema imepanda.

Siku ya pili, baada ya alasiri, nilikuwa uani nachagua mchele. Swali nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza mara mbili. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema, "Mwanamvua, nimeposa mke Kerege."

Niliendelea kuchagua mchele mpaka ukaisha. Kisha nikamwuliza ni nani. Ni Binti Mwinshehe, mjane, mumewe alianguka mnazini. Anawauzia uji wafanyakazi wa barabara. Harusi ilipangwa baada ya Idd ya Kuchinja. Nikamwuliza nani anajua. Akasema wewe. Akasema mwezi wa Januari alikuja kwako, kwa kuwa wewe ni somo yangu, ili unieleze kwa taratibu kama desturi ilivyo, na wewe ukamwambia huna mdomo huo. Ndipo akafikiri anipeleke Unguja, anistareheshe kwanza, kisha aniambie hukohuko.

"Unistareheshe kwanza," nikamwambia, "kama jogoo anayenyweshwa maji kabla ya kisu."

Nilimwambia nyumba hii ni ya baba yangu na leo naitaka. Akachukua mkeka akalala barazani. Asubuhi watu wanakwenda msikitini wakamkuta pale, mume wa mtu, kajifunika shuka. Kama ingekuwa Unguja, shangazi, mimi ndiye ningelala nje ya nafsi yangu na kuwachekea wenyeji. Nilikukumbuka asubuhi ile, nikakushukuru, kisha nikakukasirikia tena kwa miezi yote ile ya uduvi.

Lakini kulipopambazuka nilifikiri jambo jingine. Watu wamevushwa bahari kwa ajili yangu. Siku zilizobaki ni zangu, mbona nizitupe? Nikamwita ndani. Nikamwambia habari za Kerege zikae nje ya mlango mpaka watoto warudi, na yeye akae ndani.

Na zilikuwa siku nzuri. Alikwenda kisimani mwenyewe na debe, mchana kweupe, wanawake wakamcheka, naye akarudi nusu ya maji imemwagikia kanzu yake. Alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akajikwaruza vidole, tukala mchuzi una damu yake kidogo. Alinieleza habari za utoto wake Miono, jinsi alivyopotea porini siku moja akafuata ng'ombe wa watu mpaka zizini na akalala humo. Miaka kumi na moja sijawahi kuisikia habari hiyo. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nilijifusha udi, hakuna aliyenikumbusha. Nilifurahi, shangazi. Ningekwambia uongo kama ningesema sikufurahi, na hilo ndilo linaloniuma.

Siku ya mwisho alisema, "Nimeghairi. Kerege sitaoa."

Unadhani nilirukaruka? Nilimwambia, "Mimi sikukuomba uoe wala sikukuomba uache. Wiki moja imekugeuza huku; wiki nyingine itakugeuza kule. Lakini kama umeghairi kweli, nenda wewe kwa mguu wako, ukamwambie yule mama kwa mdomo wako. Usimtume shangazi yake, usimtume dereva. Mimi ulinificha nusu mwaka ukitafuta mtu wa kukusemea. Yeye asifanyiwe hivyo."

Akasema ndiyo. Amekwenda kazini Jumatatu. Tunangoja.

Swali langu kwako ni hili: kwa nini hukuniambia?

Mwanamvua


Saadani, 19 Agosti 1951

Mwanangu,

Marahaba. Nimefika salama, macho yangu yameharibika zaidi kwa chumvi ya bahari. Bi Jyotsna alilia siku nzima alipomwona mama yake, na siku ya pili waligombana kuhusu ndimu. Kaburi la dada yake Bi Ashatu hatukuliona. Tulisoma dua katikati ya makaburi yote, Mungu ataifikisha.

Kushuka kwenye basi sikushuka. Niliona uso wako, nikajua amekwisha kusema.

Kwa nini sikukwambia. Nilikaa na karatasi mara nyingi, usifikiri sikukaa. Mimi ndiye niliyekutia ndani ukiwa mwari, nikakusinga, nikakwambia mume ni hivi na hivi, mridhie, atakuridhia. Kisha nije na mdomo huohuo? Sikuweza, ndiyo hivyo. Nilidhani nikiijaza ile safari watu, hatapata nafasi ya kukwambia, na siku zikipita ataghairi mwenyewe. Kisha ukaniandikia mwezi wa Ramadhani ile barua ya hasira, nikaona ninakuibia haki yako.

Je, amemwambia yule mjane?

Shangazi yako,
Mwaija


Bagamoyo, 23 Septemba 1951

Shangazi, shikamoo, na Idd ya Kuchinja iwe na baraka kwako.

Hatujambo sote. Mashemeji wamehama, wamepanga chumba karibu na soko. Tangu warudi Unguja wamejiona watu wazima. Bi Ashatu amebaki, nami nimeridhika abaki. Mikidadi yupo. Aliporudi Alhamisi ile nilimwuliza, "Umemwambia?" Akajibu, "Nimekwisha." Nikaamini, tukachinja, tukala.

Jumanne iliyopita, asubuhi, watoto wamekwenda chuoni na shuleni, Bi Ashatu yuko kwa jirani, nikasikia hodi. Nikatoka. Nikamkuta mwanamke mwembamba, kanga mpya bado ina kunyanzi za dukani, kichwani ana mkeka uliokunjwa. Mtu mzima kunipita mimi kwa miaka kama mitano. Akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo dada."

Niliona haya kuamkiwa na mkubwa wangu. Nikamkaribisha, nikamwuliza anatoka wapi. Akasema, "Kerege. Mimi ni Binti Mwinshehe. Nimekuja kumwamkia mke mkubwa na kumwomba radhi kabla sijaingia."

Shangazi, nilimwuliza Mikidadi alimwambia nini.

Mikidadi hakumwambia kitu. Alichomwambia ni kwamba harusi imesogea mbele kidogo kwa sababu mama yake amechoka na safari. Tangu hapo hali tena uji kwake, anapita upande wa pili wa barabara na kofia imeshuka. Yule mama akadhani kosa ni lake. Akadhani mke mkubwa amekasirika kwa kuwa hakuja kujionyesha, kama adabu ilivyo. Basi akafuma mkeka, wa rangi mbili, kazi ya mwezi mzima, akapanda lori la mchanga akaja nao.

Aliukunjua pale. "Ni wako wewe," akasema. "Mimi sina tamaa ya kukutoa mahali pako. Nina watoto wawili na usiku mrefu, basi."

Nilimletea kahawa. Nikamwuliza habari za mvua za Kerege. Nikamwuliza watoto wake wanasoma wapi. Nikasifia mkeka, kisha nikausifia tena. Kila nilipofungua mdomo niseme, alinitazama kwa heshima ile ya mke mdogo, akitega sikio, akingoja radhi yangu, nami nikageuza maneno nikamwongeza kahawa. Kikombe cha tatu alikikataa.

Hapo ndipo nilipojua jinsi ulivyokaa na zile karatasi zako. Sina tena neno nawe kuhusu hilo, shangazi. Limekwisha.

Nikamwambia. Nilisema, "Dada, hakuna harusi. Ameghairi tangu mwezi wa nane. Alipaswa kukwambia yeye, nami nilimtuma akwambie, na ameshindwa."

Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza, "Ni mimi nina nini?"

Nikamwambia, "Huna kitu."

Akauliza kama mume wangu ni mgonjwa, maana katika kukaa naye hakumwona kuwa mtu mbaya. Nikamwambia si mgonjwa na si mtu mbaya. Ni mwoga. Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa bei.

Alipoinuka nilimpa mkeka wake auchukue. Akakataa, akasema zawadi hairudi kichwani. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori, tukaagana, akaniambia, "Asante, dada, wewe umeniambia."

Wiki hii Mikidadi hakupata ruhusa; atarudi Alhamisi. Nitamweleza nani alikuja, na mkeka utakuwa umetandikwa mahali atakapokula. Sitamfukuza na sitamwambia zaidi ya hapo. Ni mume wangu, nampenda, na sasa namjua.

Lakini ile siku, lori lilipokwisha kwenda, nilirudi barazani nikakaa juu ya mkeka ule nikalia mpaka watoto waliporudi, shangazi, na sikuwa nikimlilia Mikidadi wala nafsi yangu.

Mwanao,
Mwanamvua binti Pazi